Hodi Kabla ya Mpira

Chwaaa, halafu pu.

Sauti hiyo ninayo masikioni mpaka leo. Mpira wa ngozi unapenya majani ya mibuni, chwaaa, kisha unaangukia majani makavu ya migomba yaliyotandazwa chini, pu. Baada ya hapo, kimya. Wasichana wote wamesimama kwenye mstari, mikono kiunoni, wanatazama shamba la Mzee Anaeli kama watu wanaotazama mto uliofurika. Hakuna anayekwenda.

Nyie vijana mnaoniita Bibi Filimbi mkinikuta sokoni, swali lenu ni lile lile: "Bibi, wewe wa darasa la nne, tena mwanamke, ulipataje kuwa refa zamani za Mwingereza?" Basi jibu ni sauti hiyo. Sikuanza na filimbi mimi. Nilianza na kuokota mpira.

Jina langu ni Elinami. Nilikuwa mfuaji wa mashuka katika shule ya bweni ya wasichana, huku juu mlimani, mahali ambapo ukishuka kwa miguu asubuhi unafika Sekei, ukingoni mwa mji, jua likiwa bado halijawa kali. Kazi ya mashuka ni kazi nzuri kwa mtu anayependa kuota ndoto mchana. Unafua, unakamua, unaanika, na wakati shuka linapepea wewe umeshafika Moshi, umefika Tanga, unavuka bahari. Mama yangu alikuwa akisema, "Huyu mtoto mwili wake uko hapa, lakini yeye mwenyewe ameshaondoka."

Uwanja wetu wa mpira wa kikapu ulikuwa chini ya kamba zangu za kuanikia. Uwanja gani! Kipande cha ardhi kilichokatwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ukingo wa udongo, upande wa pili shamba la kahawa la Mzee Anaeli. Ringi zilikuwa pete za chuma za pipa kuukuu, na mpira ukichakaa tuliupeleka kwa fundi viatu kule Kikatiti akaushona. Aliyeuleta mchezo ni Misi Karolina, mwalimu wa misheni kutoka Amerika, mama mrefu mwenye magoti mabovu na kicheko kinachosikika mpaka jikoni. Mistari tulichora kwa majivu. Mstari wa upande wa kahawa ulipita hatua ndogo tu kutoka kwenye masale.

Watoto wa mjini, masale mnayajua? Ni mmea wa majani marefu ya kijani, tunaupanda kwenye mipaka ya mashamba. Kwa macho ni majani. Kwetu ni ukuta. Ng'ombe anaweza kuupita, maana ng'ombe hana adabu, lakini binti aliyelelewa havuki masale ya mtu bila kupiga hodi na kuitikiwa.

Sasa sikilizeni tatizo lenyewe. Sheria inasema mpira ukitoka, timu ambayo haikuugusa mwisho inaurudisha uwanjani, na anayeurusha asimame nje ya mstari, asiukanyage. Nje ya mstari wetu kulikuwa na nini? Masale, na nyuma yake kahawa ya mtu. Kwa hiyo wasichana walirusha wakiwa juu ya mstari, vidole vimeng'ang'ania majivu. Misi Karolina anapuliza: prii! Kosa. Mpira anapewa msichana wa upande wa pili, naye anasimama juu ya mstari vile vile. Prii! Kosa. Siku moja walipuliziwa mpaka msichana mmoja, Elianshi, nahodha wetu, akakaa chini akalia.

"Misi anatuchukia," akasema.

"Siwachukii! Mstari ni nje! Nje!" Misi naye machozi yalikuwa karibu.

"Lakini Misi, nimesimama kwenye mpaka. Mpaka ni wa wote wawili."

Hapo nikaacha beseni langu. Nilishuka na mikono yenye povu, nikamwambia, "Misi, shikamoo. Hawa hawajakataa sheria yako. Wanakataa kuingia kwenye nyumba ya mtu."

Akanitazama. Akayatazama masale. Akasema, "Nyumba?"

"Nyumba, Misi. Haina paa tu."

Basi akacheka kile kicheko chake, akanituma kwa Mzee Anaeli. Mzee alikuwa akipogoa mibuni yake, kisu mkononi, koti la zamani la jeshi mgongoni hata wakati wa joto. Nikapiga hodi, akaitika, nikamweleza. Akakata tawi moja, tawi la pili.

"Kwa hiyo watoto wanataka kusimama kwangu ili watupe mpira kwao."

"Ndiyo, baba."

"Halafu?"

"Halafu wanarudi."

"Na mpira haukai kwangu?"

"Haukai, baba."

"Basi wapige hodi. Mimi nipo. Nitawaitika."

Ndivyo uwanja wetu ulivyopata sheria ambayo haiko kwenye kitabu chochote. Mpira ukitoka upande wa kahawa, msichana anasimama mbele ya masale, anasema, "Hodi!" Kutoka kwenye mibuni sauti inajibu, "Karibu!" Anapita kwa upole, anageuka, anapewa mpira, anarusha. Na aliyempa mpira ni mimi, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikiuokota. Hapo ndipo Misi Karolina alipoona jambo ambalo mimi sikuliona. Sheria inampa mrushaji sekunde tano, lakini sekunde hazianzi mpaka mpira uwe mikononi mwake. "Kwa hiyo Elinami," akasema, "hodi kwanza, mpira baadaye. Hakuna sheria iliyovunjika!" Akanikumbatia pamoja na povu langu.

Kuanzia siku hiyo alinifundisha kila jioni mashuka yakikauka. Sitawachosha na yote, ila machache yawasaidie, maana naona siku hizi mna saa za kila aina na bado mnababaika.

La kwanza, kuhesabu. Misi hakuhesabu moja, mbili, tatu, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi anahesabu kama anayekimbizwa na nyuki. Alinifundisha kutia neno katikati. Mimi nikatia langu: kahawa moja, kahawa mbili, kahawa tatu. Ukisema kahawa huwezi kukimbia.

La pili, nani aligusa mwisho. Mpira umetoka, wasichana wawili wanaonyesheana vidole, kila mmoja anaapa. Usitazame vidole vyao. Mwenye haki anakwenda kuutafuta mpira. Mwenye kosa anakutazama wewe refa usoni. Imenisaidia maisha yangu yote, hata kwa wajukuu na sukari iliyopungua kwenye kopo.

La tatu, mpira ukiingia kikapuni, yule anayeuanzisha kutoka nyuma ya ringi ana ruhusa ya kukimbia huko nyuma na mpira mkononi. Ndiyo, kukimbia! Watu watapiga kelele, "Anatembea na mpira!" Waache wapige. Lakini mpira ukitoka pembeni, pale pale ulipotokea ndipo unaporudia. Mambo mawili tofauti, na marefa wengi wazima na suruali zao wanayachanganya.

Magoti ya Misi yalipozidi, alivua filimbi shingoni akanivika. Ilikuwa ya moto kutokana na kifua chake. Siku ile niliota ndoto mpaka nikaunguza shuka kwa pasi.

Lakini si kila mtu alifurahi. Timu ya mjini ilipokuja mara ya kwanza, wasichana kutoka mitaa ya zamani ya Waislamu, mabinti wa wafanyabiashara na mafundi, mchezo ulivunjika. Nani aligusa mwisho, nani hakugusa, wazazi wakaingia uwanjani wakashikana mashati. Siku hiyo aliyepuliza hakuwa mimi, ila lawama haina macho. Kamati ya shule ikakaa. Mwalimu Yakobo, aliyesimamia michezo, mtu mzuri, mcheshi, ndiye aliyeniletea habari penye kamba za nguo.

"Dada Elinami, wa mjini watakuja tena. Kamati imekubali mara moja tu. Mchezo ukivunjika tena, mpira unafungiwa stoo na wasichana wanarudi kufuma vitambaa."

"Na filimbi?"

Akajikuna kichwa. "Inafungiwa na mpira."

"Basi hautavunjika, Mwalimu."

"Nimewaambia hivyo hivyo," akasema. "Usinitie aibu, mimi nimeshajigamba."

Siku ikafika. Lori la mjini lilipanda mlima likikohoa, wasichana wakishangilia humo, na ngoma juu. Watu wetu walijaa ukingoni, akina mama na vikapu vyao, akina baba na kofia zao za Jumapili. Baba yangu naye alikuja, yeye ambaye alikuwa akiuita mchezo ule "kufukuzana bila mwizi."

Nahodha wa mjini, ambaye mara ya kwanza hakuja, aliitwa Zuhura. Mwembamba, mkali kama pilipili, kilemba kidogo kimefungwa vizuri usionekane hata unywele. Mpira ukatoka upande wa kahawa, chwaaa, pu. Ni wa kwao. Kabla sijafungua mdomo, Zuhura akaruka. Si kupita, kuruka! Shina moja la masale likavunjika chini ya mguu wake, kraa.

Ukingo mzima ukaguna. "Lo! Amevuka! Amevunja!"

Mzee Anaeli akainuka kutoka kwenye mibuni. "We binti! Kwenu hakuna mlango?"

"Mlango uko wapi hapa, babu? Mimi naona majani!"

"Majani! Amesema majani!"

Mama mmoja akapiga kelele, "Mwache, huyo wa mjini amezoea kulala na mlango wazi!" Na kutoka lorini wakajibu, "Na nyie mmezoea kulala na mbuzi!" Nikaona mashati yanaanza kukunjwa. Nikapuliza filimbi, ndefu, nikamfuata Zuhura.

"Mdogo wangu, hayo si majani. Ni ukuta wa mzee. Hapa tunapiga hodi."

Akatazama chini, lile shina limelala. Uso wake ukabadilika. "Dada, wallahi sikujua. Ningejua ni nyumba ya mtu nisingeingia na viatu." Akamgeukia mzee, akapiga goti kidogo. "Nisamehe, babu. Shikamoo."

Mzee hakuitika. Alifuta kisu chake kwenye koti, akageuka, akaingia ndani kwenye migomba, asionekane tena.

Mchezo ukaendelea. Mungu mkubwa, mchezo ulikuwa mtamu! Elianshi wetu alikuwa akiruka kama anavuta tunda. Zuhura alikuwa akipita katikati ya watu kama moshi. Ringi ya pipa ikilia ngeng! huku, ngeng! kule. Bahati ilikuwa kwamba mpira haukurudi upande wa kahawa, mpaka mwisho kabisa. Mwalimu Yakobo amenyanyua saa yake ya mfukoni, sisi wa mlimani tuko mbele kwa pointi moja, watu wameanza kuimba. Elianshi akaupiga mpira kwa ncha za vidole kumnyima Zuhura.

Chwaaa. Pu.

Zuhura akakimbilia masale. Elianshi alikuwa akinitazama mimi usoni.

"Mjini!" nikasema, nikanyoosha mkono. Mwalimu Yakobo akasimamisha saa.

Mwenzetu mmoja akaniletea mpira kwa kupitia mwisho wa shamba, kule penye njia, maana hata kuuokota hakuthubutu kupita pale. Zuhura akasimama wima mbele ya masale. Safari hii alijua. "Hodi!" akasema, sauti safi.

Kimya.

"Hodi!"

Kimya. Nikasikia mtu ukingoni anacheka, kisha wawili, kisha wote. "Mwenye nyumba hayupo!" "Rudini kesho!" Walikuwa wameelewa. Mimi pia nilielewa. Bila karibu hapiti. Asipopita hawezi kurusha. Na mzee alikuwa wetu, wa mlimani, na tulikuwa mbele.

"Hodi!" Zuhura akaita mara ya tatu. Mibuni haikutikisika. Basi akanigeukia, macho yamejaa, lakini kichwa kimesimama. "Dada refa, kwetu ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unarudi. Huingii kwa watu kwa nguvu." Akatoka penye masale. Na lorini hakuna aliyezomea. Walikunja mikono wakanitazama, wakingoja kuona mimi ni mtu wa namna gani.

Vijana wangu, ningefanyaje? Nikimwambia apite bila kuitikiwa, nimevunja nyumba ya mtu mbele ya watu wangu wote. Nikiwapa wetu mpira, nimeiba. Na hodi ile niliileta mimi! Niliiomba mimi mwenyewe kwa mzee yule. Sasa imegeuzwa kufuli.

Ndipo nikakumbuka neno la Misi Karolina, alilonifundisha siku ya mvua, tukiwa tumekaa chini ya mashuka yasiyokauka. Mahali ambapo nje ya mstari hapana nafasi, anayezuia ndiye anayesogea nyuma. Mrushaji lazima apate pa kupumulia.

Nikaenda kwenye mstari wa majivu. Nikaingia hatua moja ndani ya uwanja, nikakandamiza kisigino, nikachora mstari mwingine kwenye udongo, ubavuni mwa ule wa kwanza.

"Kwa mrusho huu," nikasema, "mstari ni huu. Zuhura, simama kati ya mistari miwili. Elianshi, nyuma ya mstari mpya."

Mngewasikia watu! Kumbukeni miaka ile. Upande wa pili wa mlima watu wetu walikuwa wamehamishwa na Mwingereza kutoka kwenye ardhi yao, na kila mtu aliyekuwa na shamba alilala akiwaza mipaka. Hakukuwa na tusi kubwa kuliko lile nililotupiwa.

"Anasogeza mpaka!"

Na aliyelitamka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa baba yangu. Amesimama, kofia mkononi. "Elinami! Mtoto wangu mwenyewe anasogeza mpaka!"

Nikaishika filimbi, nikamgeukia. Nikamjibu, kwa heshima, kwa sauti ya kufika ukingoni.

"Baba, shikamoo. Sijasogeza mpaka. Nimetoa njia."

"Njia gani?"

"Kati ya shamba letu na la jirani kuna njia ya kwenda mferejini. Akina mama wanapita kila siku na maji kichwani. Je, baba, ile njia imekuibia shamba?"

Akaigeuza kofia mkononi.

"Mpita njia akishapita, shamba linabaki la nani?"

Mama yangu, ambaye sikujua hata kama yupo, akasema kutoka kati ya vikapu, "La kwake mwenyewe! Na maji anakunywa kila siku, wala hajauliza yamepita wapi!"

Akina mama wakaangua kicheko. Baba akavaa kofia yake, akakaa. "Haya, mpe mpira," akasema. "Lakini ufute mstari huo baadaye."

Elianshi akarudi nyuma ya mstari mpya bila kuambiwa tena. Nikampa Zuhura mpira. Kahawa moja. Kahawa mbili. Akajifanya anarusha upande wa kulia. Kahawa tatu. Akarusha kushoto, juu ya vidole vya Elianshi, mwenzake akadaka akaurudisha kwa Zuhura, ambaye tayari ameshaingia anakimbia. Akaruka. Mpira ukazunguka kwenye pete ya pipa, ukafikiri, ukaingia.

Mwalimu Yakobo akashusha saa. Nikapuliza. Mjini wameshinda.

Palikuwa na kimya cha namna ambayo unasikia maji ya mferejini. Nikaona mikono ya watu, nikaona lori, nikaona stoo na kufuli lake. Na hapo, kutoka ndani ya migomba, polepole, kwa sauti ya mtu ambaye hana haraka yoyote duniani, tukasikia:

"Karibu!"

Loo! Watu walicheka mpaka wengine wakashikana wasianguke ukingoni. Wa lorini wakacheka, wa mlimani wakacheka, baba yangu alijifuta machozi kwa kofia. Mzee Anaeli akatokea, koti la jeshi na kisu, uso mkavu. "Mnacheka nini? Nilikuwa nakunywa maji." Mpaka anazeeka kabisa hakuwahi kubadilisha maneno hayo, hata nilipompelekea mbege, pombe yetu ya ndizi, nikidhani itamlegeza.

Zuhura akamwendea, akasimama nje ya masale. "Hodi, babu."

"Nimeshasema karibu," akasema mzee. "Unataka niseme mara ngapi? Pita ule ndizi."

Wote wakapita. Mjini na mlimani, wakala ndizi za mzee, na Elianshi na Zuhura walikaa kwenye mkungu mmoja wakibishana nani alisukumwa. Mwalimu Yakobo alinijia akitembea kama bwana harusi. "Sikuwaambia? Sikuwaambia?" Kamati haikukaa tena kuhusu filimbi. Nilipuliza filimbi ile miaka mingi, mlimani, mjini, na Moshi pia, ile ile niliyofika kwanza kwa ndoto za mashuka. Mwaka uliofuata tulishuka kwao tukawafunga, na niliyepuliza ni mimi, na walioniomba nipulize ni wao. Viwanja vyote vilivyobanwa huku kwetu vikaanza kuchora mstari wa pili, mpaka leo wazee wanauita njia ya Elinami.

Mnaponiuliza refa anahitaji nini, nawaambia: sheria uijue, na ardhi unayosimama juu yake uijue pia. Basi.

Jioni ile lori lilipokwisha kushuka na watu wakatawanyika na vikapu vyao, nilirudi uwanjani kuanua mashuka. Jua lilikuwa bado kwenye kilele cha mlima tu. Kwanza nilifuta mstari wangu kwa mguu, kama baba alivyosema. Kisha nikaenda kwenye masale. Lile shina lililovunjika lilikuwa bado limelala, lakini masale ni mmea wenye roho, ukichomeka kipande kinaota. Nikasimama mbele yake. Hapakuwa na mtu, wala kisu kwenye mibuni, wala sauti.

"Hodi," nikasema.

Nikangoja kidogo. Halafu nikachimba kwa filimbi yangu, maana sikuwa na kitu kingine, nikalichomeka shina pale pale lilipokuwa, si huku wala si kule, nikashindilia udongo kwa viganja viwili.